Mlio wa Mashine ya Bungoma

Edah, mshonaji wa mtaa wa Tuwan, alimzoea jirani yake fundi wa redio: vidole vyenye alama za kuungua, na mluzi uliokatika kila kazi ilipogoma. Mwaka huo fundi alikuwa akiifundisha chipu tupu, isiyo na programu yoyote, kwa kompyuta, iwe kama mashine ya michezo ya video iliyokuwa mjini Bungoma alipokuwa mtoto. Alianza kwa kuifanya iwashe taa moja ndogo, akashangilia peke yake. Miezi ikapita. Asubuhi moja mchezo ukatokea kwenye televisheni, ukilia kama zamani. Fundi akamwita Edah, akamsogezea kiti.

"Cheza, mama."

"Si mashine ni yako, bana? Cheza wewe."

"Marehemu kaka yangu ndiye alikuwa anacheza. Mimi nilikuwa nasimama nyuma, nasikiliza."

Edah akabonyeza kitufe. Fundi akafumba macho.