Mkono wa Pili wa Bi Harusi

Mpakaji hina wa mtaa wetu wa Shela, Malindi, hakuanza kazi kabla ya kumeza kidonge chake. Bila kidonge, vidole vilikakamaa na mkono ukatetemeka. Akishameza alikaa akivikunja na kuvikunjua mpaka vilainike, ndipo akachovya kijiti na kuchora maua membamba kama uzi. Baadaye bega lilianza kupanda na kushuka, shingo ikajipinda, mguu ukayumba, bila yeye kutaka.

Mwaka wa themanini na sita alikuja kumpaka Mahfudha, binti wa jirani yetu, siku moja kabla ya harusi. Mkono wa kulia wa bi harusi ulikuwa tayari bega la mpakaji lilipoanza kucheza. Akaweka kijiti chini. Shangazi yake Mahfudha akanong'ona kuwa mama huyu amepandwa na jini.

"Si jini, ni dawa," alisema mpakaji, kwa ile sauti yake ndogo. "Daktari wa Mombasa alinieleza. Ugonjwa wa Parkinson umeua sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiweka akiba ya kitu kinachoongoza miondoko ya mwili, na kukitoa kidogo kidogo. Sasa dawa inakimwaga kwa pamoja, mwili unachezacheza. Kikipungua, nakakamaa tena."

"Basi leo ungeacha kumeza," alisema shangazi.

"Nisingemeza, msingeniona hapa."

Shangazi akataka aitwe mpakaji mwingine.  Mama yule akaanza kufunika bakuli lake la hina, mikono ikimcheza. Mahfudha akaunyosha mkono wa kushoto, mtupu, akauweka mapajani mwa mpakaji.

"Tutangoja utulie, bibi," alisema. "Nami nina hina mbichi, niende wapi?"