Bahati Isiyofuliwa

Bi Hulda Tveit, dobi wa chuo kimoja kidogo cha Minnesota, Marekani, hakuwa na ugomvi na mpira ule wa kubeba kwapani na kuangushana. Ugomvi wake ulikuwa na uvundo. Msimu wa 1909, vijana waliposhinda mechi ya kwanza, nahodha wao Alden Pruitt alimletea kapu la masweta yao ya kuchezea na sharti moja.

"Bi Hulda, shona palipochanika tu. Maji yasiguse! Ukiyafua, umefua bahati yetu."

"Bahati gani inanuka hivi? Haya, mwanangu."

Haya ya mdomoni hiyo. Jumatatu aliyachemsha yote kwa sabuni, akayaanika karibu na jiko, kisha akayapaka tope upya, kila doa mahali pake. Akawa anafanya hivyo kila wiki. Vijana wakashinda mechi nane mfululizo, na kabla ya kila mechi Alden alilibusu doa la kifuani mwake.

Kwenye karamu ya kufunga msimu, mbele ya kocha na wachumba wa wachezaji, Alden aliliinua sweta lake juu.

"Tope la ushindi wa kwanza!" akanguruma. "Halijaonja maji!" Akalibusu, mwaa!

Bi Hulda, aliyekuwa akigawa viazi, uzalendo ukamshinda.

"Mwanangu, tope lile lilikwenda na maji zamani. Uwanjani ni mbali, na miguu yangu mizee. Hilo unalolibusu nalichota bandani kwa nguruwe wangu."