Petali ya Sita

Kwa miaka thelathini na mmoja hapa Jingdezhen, mji wa kaure nchini China, Zhan Guilan alichora maua ya mplamu kwenye mitungi ya kuiga ile ya kale ya kifalme, na mimi nilikaa kando yake nikiyajaza rangi. Yeye mistari, mimi rangi. Mhuri wa mfalme kwenye kitako aliuandika mwingine. Majina yetu hayakuandikwa popote. Ua la mplamu lina petali tano, na Guilan angekuchorea elfu moja bila kukosea.

Mara moja tu zilizidi. Alikuwa amemzika bintiye Xiaohe, mtoto wa miaka sita, na siku ya tatu akarudi kazini kwa sababu ruhusa alinyimwa. Akachora ua kwenye shingo ya mtungi.

"Guilan, zimekuwa sita hizo," nikamnong'oneza.

"Najua kuhesabu. Wewe jaza."

Nikajaza. Kabla ya kuchomwa, rangi yetu ni nyeusi kama masizi. Mtungi ulipotoka tanuruni ua lilikuwa buluu safi, zuri mno, nami nikalichukia. Mkaguzi hakuona kitu, mtungi ukauzwa.

Mlanguzi gani aliuzeesha uonekane wa kale, sijui. Mwaka jana bosi wetu kijana, Cheng, alituletea picha ya mtungi ule kutoka mnadani: eti una miaka mia tatu, na petali ya sita ni siri ya mafundi wa mfalme. Wateja walitaka nakala mia mbili.

Guilan akaishika picha kwa mikono miwili. "Huu nimeuchora mimi. Petali hii ni ya mwanangu."

"Bibi Zhan, kumbe una miaka mia tatu!" Cheng akacheka. "Mbona umejitunza hivyo?"

Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Muulize Suqin. Ndiye aliyeijaza."

Suqin ni mimi. Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu, na Cheng si mtu wa kuaibishwa mbele ya watu.

"Sikumbuki," nikasema. Woga mtupu, na hadi leo najionea haya.

Guilan akageukia meza yake. Akavuta mtungi ambao haujachomwa, akachora ua la petali tano. Cheng alipopita nyuma yake akagonga meza.

"Umekosea, Bibi. Hesabu vizuri. Ni sita."

Guilan akaongeza ya sita, polepole, kisha akausukuma mtungi mbele yangu.

"Jaza," akasema.