Mama Aliyekataa Kupanda Ngazi za Kambini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaponusa simiti mbichi. Wewe ulikuwa hujazaliwa, na baba yako alikuwa askari kijana mwenye mabega ya kujivunia. Nitakusimulia, lakini kwanza tumalizie yale ya simu ya jana.

Uliponiambia kwamba serikali imetoa fedha za kuitengeneza upya kambi yenu, nilifurahi, kisha nikaanza kukuuliza maswali mpaka ukacheka. Nilitaka kujua kama nyumba zitakuwa za orofa, kama maji yatafika jikoni au yatakomea uani, kama zahanati itakuwa na chumba cha akina mama, na kama yule anayechora ramani ameoa au bado. Hilo la mwisho ndilo lililokuchekesha zaidi. Mumeo naye nilimsikia akicheka huko nyuma, akidhani sisikii.

Kisha ukasema wajenzi wamewaita wake wa wanajeshi mkutanoni ili watoe maoni yao, na kwamba wewe utakwenda, utakaa nyuma na kunyamaza, kwa sababu mumeo ana cheo kidogo na hutaki kuonekana mjuaji. Hapo sikucheka. Nimekaa na neno hilo tangu jana, hata maharagwe yameungua.

Sisi tulipooana, baba yako na mimi, tulipewa nyumba ya mabati katika kambi moja upande wa Migori, si mbali sana na mpaka wa Tanzania. Mchana ilikuwa tanuri. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Tulipika nje na kuteka maji kwenye mfereji mmoja, wake wa Wakamba, wa Waluhya, wa Wakuria na sisi Wajaluo, na Kiswahili changu unachokisifu nilijifunza hapo, nikigombania zamu ya ndoo. Lakini nyumba zile zilikuwa zimeachana, kila moja na paa lake na njia ya kupita katikati. Maro wa mtu akija, yaani mama mkwe, alilala kwa jirani ng'ambo ya njia, asubuhi akaja kumwona binti yake. Hakuna aliyeita jambo hilo mpango. Lilifanyika tu.

Halafu serikali ikaleta mkandarasi. Tulitazama msingi ukichimbwa na kuta zikipanda, tukawa tunakwenda jioni kuchungulia madirisha kabla hayajatiwa vioo. Mimi nilikuwa wa kwanza kuingia, unanijua. Niligusa kila kitu. Siku tuliyohamia orofa ya pili nilifungua mfereji wa jikoni, nikaufunga, nikaufungua tena, nikicheka peke yangu. Tulikuwa na sebule, jiko, chumba cha kulala, na choo ndani ya nyumba. Kufika chooni ulipita mbele ya mlango wa chumba cha kulala, na mlango ule ulikuwa mwembamba, ukivimba kwa unyevu na kukataa kufunga. Kitanda chetu kilionekana chote. Nililiona hilo, nikatundika pazia, nikaendelea kufurahia maji yangu.

Kaka yako Okoth alizaliwa humo. Uzazi ulikuwa mgumu, na baada yake nikashikwa na homa. Wodi ya zahanati ya kambi ilikuwa haina paa, nayo ilikuwa inatengenezwa, kwa hiyo muuguzi alinitibu nyumbani. Akasema nisiachwe peke yangu hata kidogo. Anayekaa nami aangalie damu na joto la mwili, na hali ikibadilika nikimbizwe hospitali kwa lori la kambi. Mama mzaa baba yako alikuwa amekwisha fariki. Majirani walinisaidia, lakini walikuwa na watoto wao. Na baba yako alikuwa amepangiwa doria mpakani, aondoke jioni. Basi akamwita mama yangu kutoka Asumbi.

Mama alifika alasiri na unga wa wimbi na maziwa ya mgando. Nilimsikia kabla sijamwona, akiwasalimu watu chini. Nikangoja hatua zake kwenye ngazi, na hatua hazikuja. Nilikuwa natetemeka, mtoto analia kwa kukosa maziwa, na mama yangu amesimama chini ya dirisha langu akiuliza nani analala wapi katika nyumba ile kubwa.

Baba yako alishuka. Alisimama mbali naye kama ilivyo adabu ya mkwe, akamweleza. Mama akauliza maswali mengi zaidi. Choo kiko wapi. Mlango unafunga au haufungi. Aliye juu yetu ni nani, na aliye chini yetu. Jirani mmoja akajitolea kumlaza kwake, na mama akamshukuru, kisha akamwonyesha kwa kidole kwamba paa ni lile lile moja, na kwamba dari ya huyu ni sakafu ya yule. Angelala chini ya paa moja na mkwe wake, na kwetu huo ni mwiko. Hawezi.

Baba yako naye alikuwa amejiandaa. Alisema nyumba hii si yake, ni ya serikali, kwa hiyo mwiko wa mkwe haufiki hapa. Tena yeye mwenyewe anaondoka jioni hiyo. Alisema kwa heshima, lakini nilimjua sauti. Alikuwa anajisikia mwerevu. Askari wengine wa kwetu walikuwa wakisema maneno hayo hayo tangu tuhamie, na wazee wao walikuwa wameacha kuja, nao wakadhani wazee wana shughuli za shamba.

Mama alitua mzigo wake. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili wote waliosimama pale wasikie:

"Nyumba ni ya serikali, sikatai. Lakini kitanda iko ndani ni ya mtoto wangu na bwana yake. Nikipita hapo, serikali itanifunika macho?"

Aliweka khanga chini, akaketi kando ya ukuta, akasema atakaa hapo hapo ili nikiita asikie. Mwanangu, nilimkasirikia. Niliona ni afadhali avunje mwiko kuliko mimi nife, na niliogopa kufa. Nilimwita kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Akaitika kutoka chini, lakini hakuinuka. Sasa najua alikuwa anaogopa kuniletea baya juu ya baya. Kwake yeye, kuingia ndiko kungeniua.

Sajini wetu alikuwa Mkuria, mtu mkubwa wa umbo, mpole wa maneno, tuliyemwita Sajini Chacha. Alikuja kuuliza kwa nini baba yako hajaripoti kwa doria. Akamkuta mama chini na watu wamemzunguka, kila mmoja akimwelimisha. Mmoja anamwambia dunia imebadilika. Mwingine anamtajia Biblia. Sajini akawanyamazisha, akachuchumaa mbele yake, na wala hakumwambia apande. Alimuuliza:

"Mama, kwenu maro akikuja kuangalia mtoto mgonjwa, huwa mnamweka wapi?"

Nimelifikiria swali hilo miaka yote hii. Alasiri yote watu walikuwa wakimuuliza mama kwa nini anakataa. Huyu aliuliza inavyofanyika, kama mtu anayetaka kujua njia ya kwenda sokoni. Mama akamweleza yote, na sajini akasema kwao Kuria pia mkwe ni mtu wa kuogopwa, tena sana. Akainuka, akatazama huku na huku.

Nyumba za mabati zilikuwa zimebomolewa karibu zote. Iliyobaki ilikuwa moja, ambayo wajenzi waliifanya stoo ya simiti. Sajini akauliza nani ana ufunguo. Mfanyakazi aliyekuwa nao akasema hawezi kutoa simiti nje bila ruhusa, mvua inakuja. Sajini akamwambia mvua ikinyesha, simiti itaingia sebuleni kwa askari huyu, kuna nafasi. Na kweli, mwanangu, mifuko ile ilipandishwa ngazi na kupangwa sebuleni kwangu, juu ya zulia nililolipenda, huku mimi nikishushwa.

"Kama mama hawezi kupanda," sajini alimwambia baba yako, "mgonjwa atashuka. Leta machela."

Walinibeba wanne. Kwenye kona ya ngazi machela ilikwama, kwa maana aliyejenga ngazi zile hakuwahi kuwaza kwamba mgonjwa atashuka kwa kulala, na ikabidi wanikunje kidogo ili wanipitishe. Baba yako alikuwa mbele. Alikuwa haoni haya kulia. Walinilaza katika nyumba ile ya mabati, kwenye godoro jipya lililotoka stoo ya kambi, ambalo halikuwa la mtu na mkewe, na baba yako akasimama nje ya mlango. Mama akaingia.

Siwezi kukueleza mikono yake ilikuwaje. Alinipangusa vumbi la simiti usoni, akaninywesha uji wa wimbi, akamweka Okoth kifuani pangu na kumshikilia hapo mpaka akanyonya. Homa ilipopanda tena ni yeye aliyegundua, akapiga kelele, lori likanipeleka hospitali mapema. Daktari alisema tungechelewa kidogo ningekufa.

Nilipopona, injinia wa mkandarasi alikuja kutazama stoo yake iliyogeuka nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, amejikunja kwa aibu, akamwambia mama kwamba kama angeambiwa, angeacha vyumba kadhaa vya pembeni kwa ajili ya wageni. Mama akasema kwamba naye angeulizwa angesema. Wakatazamana, kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyeona msingi ukichimbwa. Mimi ndiye niliyetundika pazia. Nikajifanya kumfunika mtoto.

Nyumba ile ya mabati haikubomolewa. Tuliitumia mpaka baba yako alipostaafu tukarudi hapa Rodi Kopany. Wazee walianza kuja tena, na askari wale wakagundua kwamba shamba halikuwa na shughuli nyingi kiasi hicho. Hata wake wa makabila mengine waliwalaza mama zao humo, kila mmoja kwa sababu zake, na mimi niliwauliza sababu zote, kwa nini nisiulize.

Ndiyo maana nakuambia haya. Nyumba mpya ni jambo jema. Sitaki urudi kwenye mabati, wala sisemi desturi yetu ifuatwe na kila mtu. Huenda mumeo na wewe mtaamua vingine, na mimi nitasikiliza. Lakini anayejenga hawezi kuchora asichokijua. Nenda mkutanoni, keti mbele, uwaulize mgonjwa atashukaje kwa ngazi hizo na mgeni wa heshima atalala wapi. Wakikucheka, ngoja wamalize, uulize tena. Na umwangalie yule mwanamke atakayekaa nyuma akinyamaza, umuulize kwao huwa wanafanyaje. Anayesimama nje ya mlango wako naye usimwelimishe kabla hujamuuliza. Cheo cha mumeo hakihusiki hapo.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe sauti utakaposimama. Akulindie mumeo mpakani na kumrudisha mzima. Akupe watoto watakaonyonya bila shida, na siku ukilala na homa asiweke chochote kati yako na mimi, kwa sababu mimi ndiye maro sasa, mwanangu, na sitapanda.