Safu ya Nyota

Tangu mumewe mwalimu afariki, Tarini Jha ndiye aliyewasomea kalenda wanawake wote wa upande wa bwawani, na heshima hiyo haikuwa na nyumba nyingine. Mwaka huu herufi zilianza kumtoroka. Hakumwambia mtu.

Mfungo wa kuwaombea wana uhai hauna chakula wala maji, na haufunguliwi mpaka siku ya nane ya mwezi unaopungua iishe. Siku hiyo ya mwezi haingoji jua. Huweza kuisha alfajiri, adhuhuri, hata usiku wa manane. Kalenda huipima kwa danda, dakika ishirini na nne kila moja, tangu jua lichomoze. "Danda mbili," Tarini aliwatangazia. Zilipotimia, alikunywa bilauri ya maji.

Ndipo akaifungua tena kalenda, uani, penye mwanga. Mbili ilikuwa kwenye safu ya nyota, inayopima nyota ambamo mwezi umo. Safu ya siku ilisema ishirini na nne.

Mfungo ukivunjwa mapema, mwana hubaki bila kinga. Mwana anaye mmoja tu, Bibhuti, fundi mwashi huko Ludhiana. Na angenyamaza, nani angejua? Lakini kule bwawani wanawake wengine walikuwa wakichota. Akakimbia, mtandio ukiburuzika.

"Haya, bibi mwalimu, tunywe?" jirani yake Kamakhya aliuliza, kikombe mkononi. "Koo langu limekuwa gunzi."

"Msinywe! Nimesoma safu ya nyota. Siku haijaisha mpaka saa tisa na dakika ishirini."

"Lo! Na ule mdomo wako, 'kwetu kalenda husomwa, haibahatishwi'?"

"Nitukane jioni, dada. Mwaga maji."

Kamakhya akamwaga, kisha akamtazama midomo. "Na wewe?"

"Nimeshakunywa."

Tarini alitoa simu, akampigia Bibhuti. Iliita muda mrefu.

"Mama, fanya haraka. Niko juu ya jukwaa, ghorofa ya nne."

"Shuka."

"Eti?"

"Shuka, mwanangu. Usipande tena mpaka saa tisa u nusu."

"Umeota nini? Msimamizi atanifukuza."

"Akufukuze! Mwambie mama yako hajui kusoma."

Bibhuti hakuwahi kumsikia mama yake akijisema hivyo, hata kwa mzaha.

"Haya, nashuka."

"Usikate. Itie mfukoni, ushike ngazi kwa mikono miwili."

Alisikia nguo ikikwaruza, chuma kikilia chini ya kiatu, hatua, hatua nyingine. Alizihesabu. Baada ya hatua ya arobaini na saba chuma kikagonga kwa kishindo, hatua zikakoma.

"Bibhuti! Bibhuti!"

"Niko chini, mama. Ni ndoo tu."

"Kaa hapo hapo," akasema, naye akakaa vumbini, simu sikioni. Zilikuwa zimebaki danda ishirini na moja.