Shule Sita Alizozifuta Keturah

Mlango ulipofunguliwa, Keturah Slone alirudi nyuma hatua nzima, akamkanyaga mtu kidole cha mguu. Hakuomba radhi.

Ndani ya darasa lile la udaktari mlikuwa na vitanda arobaini, na juu ya kila kitanda mtu, na kila mtu nusu uchi. Wavulana vifua wazi. Wasichana wamevaa vikaptula na vijisidiria, wamelala kifudifudi, na wenzao wamewainamia wakiwapapasa migongo na kuhesabu pingili za uti kwa sauti, mchana kweupe, mwalimu akipita katikati yao na kikombe chake cha kahawa.

Yeye Keturah alikuwa amevaa sketi ya jinzi iliyofika kwenye vifundo vya miguu, na blauzi ya mikono mirefu, na nywele zake mkasi haukuwa umezigusa tangu kuzaliwa. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na katika kanisa lao kule bondeni Spurlock, mashariki mwa Kentucky, mwanamke alionyesha uso wake na viganja vyake, basi. Waliobaki waonyeshe wapendavyo, watajibu wenyewe.

"Utazoea," aliambiwa na mwanafunzi aliyekuwa akiwatembeza wageni, kijana mchangamfu aitwaye Brandt. "Wiki ya pili hata ngozi huioni tena."

"Na asiyetaka kuvua?"

Brandt alimtazama kama aliyeulizwa habari za asiyetaka kula. "Hapa kila mtu hulala kitandani, na kila mtu hugusa. Sasa utajifunzaje?"

Siku hiyo aliendesha gari lake saa mbili kurudi nyumbani bila kuwasha redio.

Ubaya ni kwamba shule hiyo ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwenye orodha yake. Orodha yenyewe aliiandika nyuma ya kalenda ya duka la mazishi, ile inayotundikwa katika kila jiko la bondeni: shule tisa za osteopathia, udaktari unaotibu pia kwa mikono. Alizichagua kwa akili. Alama zake za mtihani wa kuingilia udaktari hazikuwa mbaya, wala hazikuwa za kuringia. Kwa hiyo alitafuta shule zinazopenda watoto wa vijijini, zinazoahidi kuwarudisha vijijini, tena zisizozidi siku moja ya gari kutoka kwa mama yake. Alisoma ni wangapi wanaingia, wangapi wanamaliza, na wapi wanapelekwa kufanya kazi hospitalini. Kila kitu alikisoma, isipokuwa habari za nguo. Nani angefikiria kuulizia nguo?

Kesho yake alimvaa Dokta Fannin kabla mzee hajavua koti. Huyu ndiye aliyemtia wazimu wa osteopathia. Alikuwa daktari kamili, anaandika dawa kama madaktari wengine, ila shule yake ilimfundisha pia kutibu kwa mikono, na wachimba makaa ya mawe wa kaunti nzima walimjia na migongo yao iliyopinda. Keturah alikuwa akiwatoa watu damu ya vipimo katika zahanati yake mwaka wa sita sasa.

"Hukuniambia wanavuliwa nguo!"

"Nani?"

"Wanafunzi! Wote! Kama kondoo siku ya kunyolewa!"

Dokta Fannin alikaa chini polepole. "Ee, Bwana wangu. Nilisahau, binti. Miaka arobaini na mitano imepita. Ninachokumbuka mimi ni baridi ya kile kitanda." Kisha akaona kwamba binti hacheki. "Wapigie simu. Uliza shule moja moja. Huenda wapo wenye huruma. Lakini nakuonya, mficha uchi hazai."

Basi siku yake ya mapumziko, mwezi wa Mei, Keturah aliketi mezani jikoni na kalenda yake na simu. Mama yake, Ordella, alikuwa upande wa pili wa meza akichambua maharagwe, akitupa vijiwe kwenye kisosi. Mama Ordella alikuwa mjane wa mchimba makaa, mwanamke wa maneno machache, na tangu majira ya baridi alikuwa akinukia kafuri kwa ile dawa ya kuchua kifua.

"Samahani, bibi," Keturah alianza na shule ya kwanza, "nauliza kuhusu mavazi ya darasa la kupapasa. Je, mtu anaweza kubaki na sketi?"

Karani kwenye simu aliacha kuchapa. "Sketi ya namna gani?"

"Ndefu."

"Ndefu kiasi gani, mpenzi?"

Shule moja ilimwambia atapewa gauni la wagonjwa, lililo wazi mgongoni. Moja ilisema atapangiwa na wasichana wenzake, lakini kuvua ni kuvua. Mbili zilisema hakuna msamaha, na ya pili ilisema kwa ukali. Moja ilimweka kwenye muziki mpaka simu ikakatika. Kila akikataliwa, aliburuza kalamu juu ya jina la shule. Mama yake aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika kila mstari ulipochorwa.

"Futa," alisema. "Nimekulea vizuri."

Ilipofika saa saba, pamoja na ile ya Brandt, shule sita zilikuwa zimefutwa. Zilibaki tatu zilizokubali sketi, na hizo tatu zilikuwa ndizo ngumu kuliko zote kuingia. Keturah alijua hesabu hiyo inamaanisha nini. Kwa alama zake, mwenye shule tatu ni mwenye kununua tikiti ya bahati nasibu. Akasema mwenyewe, kwa sauti, "Nitakosa. Nitatoa watu damu mpaka nizeeke."

Mama Ordella aliacha maharagwe. "Hebu niambie kitu. Ukishakuwa daktari, mtu akija kwako, utamtibu bila kumvua nguo?"

"Haiwezekani, Mama. Utatibu usichokiona?"

"Hata mwanamke mtu mzima?"

"Hata yeye."

"Hata akiwa wa kanisani?"

Keturah alicheka. "Jamani, Mama! Ngozi ya kanisani ni tofauti?"

Mama yake hakucheka. Aliifuta mikono yake kwa aproni, akainuka, akashusha pazia la dirisha la jikoni. Akasimama pale na kuanza kufungua vifungo vya blauzi yake, kimoja kimoja. Ndani alikuwa amejifunga kitambaa cha kufutia vyombo, kile chenye maua ya bluu, ambacho Keturah alikuwa amekitafuta tangu Pasaka. Alipokibandua, harufu iliyotoka chini ya kafuri ilimfikia Keturah kabla ya macho kuona.

Titi la kushoto lilikuwa limevutwa ndani, ngozi ngumu imekunjamana, na upande mmoja kidonda kilichochimba.

Keturah aliinuka, akasogea karibu. Kila siku alishika mikono ya watu asiowajua, akatafuta mishipa, akawaambia vuta pumzi. Na jioni alirudi kulala nyumba moja na hiki, akasikia kafuri, akasema Mama ana mafua. Alitamani ardhi impasukie.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Krismasi. Sio hii. Ile nyingine."

"Mwaka mmoja na nusu? Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Dokta Fannin ni mwanamume." Mama Ordella alikuwa akitazama maharagwe, si mwanawe. "Nilisema nitakungoja wewe. Ukishakuwa daktari, nikuonyeshe wewe."

Keturah alipiga hesabu bila kutaka. Kama angepata shule, angeingia Agosti ya mwaka ujao. Miaka minne darasani. Mitatu hospitalini. Mama yake alikuwa amekaa na kidonda akingoja miaka minane, na asubuhi nzima alikuwa akisema futa.

"Niache nikushike," alisema.

Alimpapasa kwapani, mahali saratani ya titi hukimbilia kwanza, kama alivyowahi kumwona daktari akifanya. Alibonyeza, akasogeza, akabonyeza tena. Hakujua anatafuta nini. Nyama ilikuwa nyama tu. Hajawahi kushika kwapa la mtu mwingine maishani, la mzima wala la mgonjwa, angejuaje lipi ni lipi? Akajifariji kwamba hakuna kitu.

Ilimchukua saa mbili za kubembeleza kumfikisha mama yake zahanati. Kwenye kitanda cha uchunguzi Mama Ordella aliushika ukosi wa blauzi yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeibiwa, na machozi yakamtoka. Dokta Fannin aligeukia ukutani akaanza kuuliza habari za maharagwe: anayaloweka usiku mzima au anachemsha tu? Anatia mfupa wa nguruwe? Mama alijibu, akajisahau kidogo, na Keturah akamfungua vifungo.

Mzee alipogeuka uso wake haukubadilika. Vidole vyake viliingia kwapani huku bado akiulizia mfupa wa nguruwe. Haikupita muda wa kuvuta pumzi mbili, vikasimama.

"Hapa," alimwambia Keturah kwa upole. "Leta mkono. Na hapa. Na hii ndogo."

Ilikuwa pale pale alipobonyeza yeye. Vivimbe vitatu, vigumu, mahali alipojiambia hakuna kitu.

Alimfuata mzee koridoni. "Umevipataje? Mimi nimetafuta dakika nzima! Na yeye alikuwa akinisubiri mimi, miaka minane!"

"Nilipapasa makwapa na migongo ya wenzangu miaka miwili, binti. Wazima. Mia moja, mia mbili, wanene kwa wembamba. Ukishawajua wazima, mgonjwa anajitangaza mwenyewe." Kisha akavua miwani. "Imesambaa, Keturah. Watamkata titi, watampa dawa, tutapata miaka kadhaa. Minane, sikuahidi. Nisingependa kukudanganya."

Jioni ile Keturah alifungua fomu ya maombi kwenye kompyuta mezani, kando ya maharagwe ambayo hayakuwa yamepikwa. Akatia alama kwenye shule zote tisa. Ile ya Brandt aliiweka kwanza. Hakumuuliza Mchungaji, na kwa mara ya kwanza hakumuuliza mama yake.

Mwezi wa Juni Mama Ordella alipasuliwa huko Lexington. Siku ya tatu Keturah alifika wodini akakuta kitanda kitupu. Akatoka mbio koridoni. Mama yake alikuwa huko, anatembea na muuguzi wa kiume amemshika kiwiko, amevaa gauni la wagonjwa lililoishia magotini. Keturah alisimama kama aliyepigwa. Magoti ya mama yake yalikuwa meupe kama unga.

"Funga mdomo, wee mtoto," alisema Mama Ordella. "Ni magoti. Wamenivua watu sita tangu nifike, wawili wanaume, na Bwana hajanipiga bado." Alisimama kupumua. "Ile shule ya vikaptula. Irudishe."

"Nimeshairudisha. Zote sita."

"Bila kuniuliza?"

"Bila kukuuliza, Mama."

Mama Ordella aligeuka, akampa mgongo. "Basi nifunge hizo kamba. Upepo unaingia."

Kamba zilikuwa zimefunguka zote. Keturah alizishika, lakini hakufunga. Aliweka vidole viwili kwenye uti, chini ya shingo, akashuka pingili moja, ya pili, ya tatu, na mama yake hakusogea. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na hajawahi kuuona mgongo wa mama yake.