Alama Zilizokoma Mlangoni

Kidoti hakuwa mtu wa kuogopa nyumba, lakini ile aliingia kwa kunyata. Sakafu ya mbao ilikuwa imeoza, na kila hatua iliguna chini ya mguu kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Nje ilikuwa saa sita ya mchana, jua la utosi. Ndani, giza na harufu ya popo. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha sanaa, binti wa fundi cherehani, na kazi yake ya kumalizia masomo aliapa itatoka humo humo, katika nyumba ile ya nyuma ya ukuta wa chuo, iliyohamwa miaka mingi.

Alichokitafuta alikikuta kwenye mlango wa jikoni. Katika mwimo, ule mti wa pembeni unaoshika mlango, mtu alikuwa amechonga kwa kisu alama za vimo vya watoto. Safu nne. Tatu zilipanda mwaka baada ya mwaka mpaka zikampita Kidoti kichwa. Ya nne ilipanda mara tano, ikakomea usawa wa kifua chake.

"Alikufa," alijisemea.

Alimwomba mama yake vipande vinne virefu vya marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, akavibana juu ya mwimo kimoja kimoja, akasugua mkaa mpaka kila mkato wa kisu ukajitokeza. Vitatu akaviacha virefu. Cha nne akakikata juu kidogo tu ya alama ya mwisho, akakizungushia utepe mweusi, na pembeni akaandika: ALIYEBAKI MTOTO.

Mwalimu wake, ambaye wanafunzi walimwita Miwani akiwa hasikii, alisimama mbele ya kazi hiyo muda mrefu.

"Wasahihishaji wakija Ijumaa, waanzie hapa," alisema. "Kifo hakihitaji maelezo."

Kidoti alitembea juu juu kwa furaha siku mbili.

Jumanne asubuhi, mama mfagizi wa karakana, ambaye chuo kizima kilimwita Shangazi, alifika kwenye kitambaa cha nne na ufagio ukasimama.

"Nani kakwambia kafa?"

Kidoti akacheka, akidhani ni utani. Shangazi hakuishiwa utani. Ndiye aliyesema kwamba wanafunzi wa sanaa huzaliwa na mikono miwili, yote ya kuchafua.

"Si alama zimekoma, Shangazi? Ni kule kwenye nyumba ya nyuma."

"Naijua. Nauliza, nani kakwambia kafa?"

Kidoti akaacha kucheka, akamgeukia.

"Huyo ni mimi," Shangazi alisema. "Nililetwa pale nina miaka sita, mtoto wa ndugu. Kila mwaka tukipangwa mlangoni, tunapimwa wote. Nilipofika kumi na moja nikawa naweza ndoo mbili. Mwenye nyumba akaniambia, wewe kachote maji, wenzako wapimwe. Basi, ikawa hivyo. Sikufa, mwanangu. Nilikua. Hakuna aliyepima."

"Nisamehe, Shangazi. Naiondoa sasa hivi."

"Nani kakwambia uiondoe? Umenizika bila kuniuliza, sasa wataka kunifukua bila kuniuliza?"

"Basi nifanye nini?"

"Sijui. Nitafikiri."

Akachukua ndoo yake akatoka, na nusu ya sakafu akaiacha haijafagiliwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Kidoti alimkimbilia Miwani ofisini, akamweleza yote bila kutaja ni nani. Mwalimu hakuinua macho kwenye karatasi zake.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeandika uongo, mwalimu."

"Sanaa si ripoti ya polisi. Ukiivuruga kazi nzuri siku tatu kabla ya mtihani, usitegemee nikutetee."

Jumatano ikapita. Shangazi aliitikia salamu, basi, akaendelea kufagia. Kidoti alikaa karakana kutwa, akishtuka kila aliposikia ndoo ikiburutwa. Nyumbani mama yake akamwona anakichezea chakula, akauliza, akajibiwa "si kitu" kwa sauti ya mtu mwenye kitu.

Alhamisi mchana Shangazi akaja, mikono kiunoni.

"Yale maandishi yatoke. Utepe utoke. Jina langu usilitaje, sitaki kuonewa huruma na watu ninaowafagilia. Na kitambaa kiwe kirefu kama vya wenzake. Mimi si mfupi."

Kidoti alikimbia mpaka nyumbani na kitambaa kwapani. Mama yake alisukuma kando gauni la mteja, akaunga kipande kipya cheupe juu ya kile cha mkaa. Aliuliza jambo moja tu: "Mshono uonekane au nifiche?"

"Uonekane, mama."

Ijumaa wakaja wasahihishaji watatu. Mmoja, bibi mmoja mwembamba, akasimama mbele ya kitambaa cha nne.

"Huyu alikufa?"

Miwani alimtazama Kidoti bila kupepesa macho. Angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangekwisha. Mlangoni Shangazi alikuwa anakamua tambara, pole pole mno kwa tambara lisilo na maji.

"Hapana," Kidoti alisema. "Waliacha kumpima."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ametumwa maji."

Bibi yule akaandika kitu. Mwenzake akanong'ona kwamba sehemu ya juu haijamalizika. Wakasogea.

Kidoti alifaulu, lakini hakuwa miongoni mwa watano waliochaguliwa kwa maonyesho makubwa. "Ungekuwa wa kwanza," Miwani alimwambia. "Najua," alijibu, na jambo hilo lilimuuma kweli.

Kazi ziliposhushwa, alimpelekea Shangazi kitambaa cha nne, kimekunjwa vizuri. Shangazi alikikunjua, akakipapasa, akakinyoosha kwa mikono yote miwili.

"Mkaa huu unatoka kwa sabuni?"

Kidoti akakitazama kitambaa. Wiki tatu za kazi, na popo wote wale.

"Unatoka."

"Afadhali. Dirisha langu halina pazia."